Kistari Si Sifuri

Ngoja niseme mapema: mimi si mwanamke wa kelele. Wanaonisema hivyo hapa Likasi ni watu niliowahi kuwapigia kelele, na kila mmoja wao alistahili. Kazi yangu ni kuandika, tena kuandika polepole, neno baada ya neno. Lakini siku ya proclamation, mbele ya wazazi wote, nilimwambia préfet, mkuu wa shule, kwamba karatasi aliyonipa ni uongo mtupu, na mpaka leo sijamwomba msamaha.

Asiyeijua proclamation ya kwetu nimweleze. Mwisho wa mwaka préfet anasimama kwenye ngazi za shule na kusoma majina, akianza na mwenye asilimia kubwa na kushuka. Ukiitwa unatoka mbele, na ndugu zako wanakumwagia poda nyeupe kichwani mpaka unafanana na mpiga chokaa wa Kakontwe. Aliyeanguka hatangazwi. Anabaki amesimama na nywele zake nyeusi, na watu wanamwangalia kwa pembeni.

Plamedie hakuitwa. Ni mtoto wa dada yangu Albertine, yuko mwaka wa tatu, sekta ya biashara, na tangu aanze shule hajawahi kukosa kuitwa. Mimi nilisimama pale badala ya mama yake, kwa sababu Albertine tulimzika wiki ileile ya mitihani. Ndani ya mkoba nilikuwa na kopo la poda. Albertine mwenyewe ndiye aliyelinunua sokoni, kabla ugonjwa haujamlaza, akaliweka juu ya kabati na kusema hili ni la Plamedie, mtu asiliguse.

"Mama mudogo," Plamedie aliniambia taratibu, "habakuita jina yangu."

"Bataita. Bado banasoma."

"Balishamaliza."

Tukapanga foleni tukachukua bulletin yake, ile karatasi ya matokeo. Arobaini na sita kwa mia. Chini yake wameandika arudie mwaka. Na shule ile, sitaitaja jina, watu wake wanajijua, haimrudishi mtoto aliyeanguka katika sekta hiyo. Inampa karatasi zake akatafute mahali pengine. Damas, shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuwa ameshasema: shule ikimtoa, Plamedie ataenda Kananga kwa bibi yake, maana yeye anashinda kiwandani na nyumbani hakuna tena mama. Kwa hiyo ile arobaini na sita ilikuwa inamtoa mtoto shuleni, na ilikuwa inamtoa Likasi, na ilikuwa inamtoa kwetu, mwezi uleule aliompoteza mama yake.

Nikaangalia tena. Kwenye safu ya mitihani ya mwisho hakukuwa na namba hata moja. Hesabu, kistari. Kifaransa, kistari. Biashara, kistari. Vistari vitupu kutoka juu mpaka chini. Hapo damu ikanipanda.

Kistari kwa walimu wetu kina maana yake, na hawakuianza jana. Mtoto aliyefiwa na mzazi anaketi kwenye kilio, chini, kwenye mkeka, pamoja na wamama, na hatoki mpaka kilio kiondolewe. Hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kumwinua pale ili akafanye mtihani wa hesabu. Mwalimu anamwekea kistari. Sifuri ni ya yule aliyekuja akashindwa, au aliyekaa nyumbani bila sababu. Kistari kinasema huyu alikuwa anazika, msimhesabie. Zamani walipohesabu kwa mkono, walichukua kazi aliyoifanya mtoto na kuipima kwa ile aliyopewa kuifanya, na mitihani ya kilio wakaiacha nje kabisa. Kila titulaire, yaani mwalimu msimamizi wa darasa, anajua hivyo. Plamedie mwaka mzima alikuwa anapata zaidi ya sitini. Mitihani ya kilio ikihesabiwa sifuri, anaanguka hadi pale pale, arobaini na sita. Sikuhitaji kalamu.

Nikamfuata préfet Évariste kwenye ngazi, watu bado wanamwagiana poda.

"Monsieur le Préfet, hii karatasi ni uongo."

Akaichukua, akaiangalia, akanirudishia. "Mama, ordinateur haiko na ndugu wala adui. Ilihesabu tu."

"Minye naijua hiyo ordinateur," nikamwambia. "Najua mpaka jina ya muntu aliifundisha kuhesabu."

Na nilikuwa namjua kweli. Programu ya kuhesabu ndani ya kompyuta ile ilikuwa yetu.

Sasa nieleze kazi yangu, maana hata mama yangu mzazi anadhani natengeneza simu. Niko mtaa wa Panda, kwenye chumba cha juu ya duka la dawa, pamoja na Ghislain na Clovis. Ghislain ndiye chef, bosi wetu. Yeye anatunga vile vipande vya programu vinavyoitwa fonction. Fonction unaipa kitu, nayo inakurudishia kingine. Hii ya kwetu unaipa pointi za mtoto, inakurudishia asilimia yake. Clovis hatungi fonction, anazichukua na kujenga nazo programu ya shule nzima. Ndani yake haoni. Anasoma maelezo, anaamini, anaendelea. Maelezo hayo ndiyo kazi yangu: fonction inataka nini, inatoa nini, na wapi itakuangusha usipojihadhari. Ni kama ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo watu wanaitupa.

Kabla ya kuandika maelezo ya fonction ya asilimia nilifanya kile ninachokifanya siku zote, nilikwenda kuuliza. Niliketi na walimu, nikawauliza mnaandikaje pointi, wakanieleza habari za kistari. Nikarudi nikamwuliza Ghislain fonction yake ikikuta kistari inafanya nini. Akaangalia, akasema inakihesabu sifuri. Nikamwambia airekebishe. Akasema baadaye, ana kazi nyingi. Basi nikasema mpaka hiyo baadaye yake ifike, mimi nitaandika ukweli, na nikaandika sentensi tatu. Fonction hii inahesabu asilimia ya mwanafunzi. Ikikuta kistari, inakihesabu sifuri. Kwa hiyo, kabla ya kuipa pointi za mtoto, ondoa kwanza mitihani yake yenye kistari.

Sentensi tatu tu, ambazo mtu anazisoma kabla chai haijapoa. Nilijua ziko pale. Ndiyo maana nilipotoka kwenye uwanja wa shule nilikwenda moja kwa moja kumla Clovis nyama.

Clovis ni mtu mzima, baba wa mapacha, mpole hata anakera. Nilimkuta mbele ya kompyuta yake. Ghislain alikuwa dirishani anakula mkate.

"Clovis, unajuaka kusoma?"

"Mama Mathilde, ni nini tena?"

"Niliandika sentensi tatu. Weye ulisoma ngapi?"

Hakujibu kwa hasira, hata hiyo hana. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione. "Nilisoma yote. Yote njo hii."

Kulikuwa na mstari mmoja. Inahesabu asilimia ya mwanafunzi. Nukta. Chini yake hakuna kitu, mahali peupe tu ambapo sentensi zangu mbili zilikuwa zimekaa.

Niligeuka. Ghislain aliendelea kutafuna.

"Ilikuwa murefu," akasema. "Client akisoma kama fonction inahesabu kistari sifuri, atasema programu yetu iko na kosa."

"Na njo iko na kosa."

"Hapana. Iko nafanya kile niliiambia ifanye. Balimu njo balipashwa kuacha fasi wazi. Nani aliwaambia baweke bistari?"

"Na weye, nani aliwaambia baache fasi wazi? Uliandika wapi? Nionyeshe."

Akafuta makombo kifuani. "Programmeur wa kweli anasoma code, Mathilde. Hangojee hadithi."

"Code yako umeifunga. Clovis angeisomea wapi, ndani ya kichwa yako?"

Clovis akainama juu ya kibodi. Yule mtu alikuwa na aibu, na kosa halikuwa lake hata kidogo, na hilo nalo likanichoma.

"Ulifuta lini?" nikauliza.

"Sijue tena. Ile wakati hukukuwa hapa."

Ile wakati sikuwa hapa. Sikuwapo kwa sababu nilikuwa hospitalini nimeshika beseni chini ya kidevu cha dada yangu. Mimi namfuta dada yangu mdomo, na yeye huku anafuta sentensi zangu, halafu zile sentensi alizozifuta zinageuka na kumpiga mtoto wa huyohuyo dada. Nilisimama katikati ya chumba nikashindwa kusema. Watu wanaonijua wanaweza kukueleza ni mara chache.

Ghislain akaona nimenyamaza, akadhani nimetulia. Akaanza kunibembeleza. Atarekebisha fonction, alisema, kimyakimya, iingie pamoja na mambo mengine ya mwaka ujao, mtu asijue. Tukianza kutangaza kosa, shule zote zitaturudishia programu, na sisi watatu tutakula nini? Na mtoto arudie tu.

"Ni mwaka moja, Mathilde. Mutoto angali mudogo."

Hapo sauti ilirudi. Nilimwambia maneno mengine ya Kiswahili na mengine ya Kiluba ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Nilimwambia kama kungekuwa na sheria ya wanaofuta maelezo, ningempeleka gerezani Buluo kwa miguu, nimemshika sikio. Mwenye duka la dawa alipanda ngazi kuuliza kama kuna mwizi. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa préfet mimi na Madame Christiane, titulaire wa darasa la Plamedie, mama mmoja mkavu, haongei mara mbili. Préfet alitupokea vizuri. Sitamsingizia, si mtu mbaya. Alikuja kwenye kilio cha Albertine, akaketi na wanaume chini ya bâche, lile turubai la kilio, mpaka chakula kikaja. Lakini mezani kwake alikuwa na kile kitabu chembamba cha maelezo tulichowapa pamoja na programu, na alikuwa amekifungua kwenye fonction yetu.

"Bamama, nimesoma," akasema. "Baliandika inahesabu asilimia ya mwanafunzi. Minye niliamini. Munionyeshe fasi gani baliandika kama kistari inakuwa sifuri."

"Kistari niliweka minye," akasema Madame Christiane. "Huyu mutoto nilikaa naye pa mukeka. Kama nilitaka kumupatia sifuri, ningeandika sifuri. Najua namna banaiandika."

Préfet alikuna kichwa. Akasema anamwamini Madame, lakini baraza la walimu limeshafunga matokeo, na yeye ameshasaini. Akifungua mlango kwa sababu ya maneno ya mama mdogo wa mtoto, kesho kila mzazi ambaye mtoto wake ameanguka atakuja kusema mashine imekosea. Anachoweza kufanya ni kimoja. Aliyetunga ile hesabu aje mwenyewe, aseme mbele ya walimu kwamba imekosea, nao watakaa tena. La sivyo, karatasi za Plamedie zinatoka mwisho wa juma.

Nikatoka pale nikampigia Ghislain. Simu imezimwa. Nikaenda Panda, Clovis akaniambia chef amejifungia ndani na amesema hataki kuonana na Mathilde. Nikabisha hodi. Nikasikia kiti kinasogea, lakini mlango haukufunguliwa.

Niliporudi nyumbani kwa Albertine nilimkuta tantine Mimi, dada wa baba yetu, anakunja ile mikeka ya kilio ili airudishe kwa majirani. Plamedie alikuwa anamsaidia, anapangusa vumbi mkeka kwa mkeka. Kwenye pembe ya chumba sanduku lake lilikuwa limeshatolewa chini ya kitanda. Damas ndiye aliyelitoa. Nikaliangalia sanduku, nikaiangalia mikeka.

"Tantine," nikasema, "mikeka isirudi bado."

Tantine Mimi ana umri mkubwa na magoti mabovu, lakini ukimwambia kuna mtu wa kuaibishwa, magoti yanapona. Siku iliyofuata, jua limeshapanda, tulikuwa wanawake wa ukoo tumeketi chini Panda, mbele ya ngazi za kwenda kwa Ghislain, kwenye mikeka, vitambaa kichwani, vitenge tumevifunga kiunoni kama wanawake wa kilio. Hatukulia. Hatukuimba. Tuliketi tu na kunyamaza. Kwetu wanawake wakiketi hivyo mlangoni pa mtu, hakuna anayepita bila kuuliza.

Mwanamume mmoja wa baiskeli alishuka, akavua kofia. "Pole, bamama. Nani alikufa hapa?"

"Sentensi mbili, papa," akasema tantine Mimi, uso mkavu. "Chef wa kule juu njo aliziua."

Yule akatazama juu, akatutazama, akavaa kofia. Lakini hakuondoka, alikwenda kusimama upande wa pili wa barabara ili aone. Wengine wakasimama naye. Mama mmoja muuza mboga alituletea maji ya kunywa, akasema hajui ni nani lakini pole. Aliyetaka kujua zaidi nilimweleza, tena taratibu, kwa maneno ya kueleweka: kuna mtoto alikuwa anamzika mama yake, na mashine ya hapo juu ikamhesabia sifuri kwa kumzika, na aliyeitengeneza alijua, na akafuta maneno ya kuonya. Watu wakaelewa mara moja, wote, hata asiyewahi kugusa kompyuta. Ndipo nilipozidi kukasirika, maana kama muuza mboga anaelewa barabarani, ilikuwa na urefu gani hiyo ya kufutwa?

Kilichomtoa Ghislain si sisi, ni mwenye duka la dawa. Wateja walikuwa wanafika, wanaona kilio mlangoni, wanageuka na kurudi. Wanadhani dawa yake imeua mtu. Alipanda ngazi akiruka mbili mbili, na tulimsikia huko juu anagonga mlango na kumwomba Ghislain kwa jina la Mungu ashuke.

Ghislain akashuka, jasho limemtoka.

"Mathilde, ondoa hii kilio."

"Kilio inaondokaka siku mambo yake inamalizika. Weye ni muntu ya hapa, unajua."

"Unataka niseme nini?"

"Kile niliandika na weye ulifuta."

Akaangalia watu ng'ambo ya barabara, na yule wa baiskeli akamsalimia kwa kofia. Ghislain alisema atakuja shuleni. Sisi tukamwambia vizuri, na tukaendelea kuketi mpaka jua lilipogeuka, ili asisahau.

Kesho yake walimu walikaa tena, kwenye darasa tupu, kwenye madawati ya watoto. Mimi na Plamedie tulisimama nyuma karibu na mlango. Ghislain alikuja na shati la pasi na akaanza kusema, na mimi nikajua mara moja anafanya nini. Alisema habari za thamani tupu, za aina za data, za toleo lijalo, za mazingira ya matumizi. Maneno mengi, mazuri, na ndani yake hakuna kistari wala mtoto. Walimu walikuwa wanatikisa kichwa kwa heshima kama watu wanaosikiliza misa kwa lugha ngeni. Préfet alianza kuangalia saa. Nilifungua mdomo, lakini Plamedie alinishika mkono.

"Monsieur le Préfet, naomba kuuliza papa Ghislain kintu moja."

Préfet akamruhusu.

"Papa Ghislain, ile fonction ilijua kama mama yangu alikufa?"

Ghislain alitabasamu kidogo, kama mtu mkubwa kwa mtoto. "Hapana. Fonction haijuake bintu bya vile."

"Na weye ulijua?"

Tabasamu likaisha.

"Ulikuya ku kilio," Plamedie akasema. Sauti yake haikupanda. "Mulikuya na papa Clovis. Minye njo nilikumwangia maji ya kunawa mikono mbele ya kula. Ile siku batoto bengine balikuwa ku mutihani ya hesabu. Weye uliniona fasi nilikuwa."

Nilikuwa sijui habari ya maji. Siku zile mimi nilikuwa ndani, sioni mtu. Ghislain alijiangalia mikono. Nilimchukia sana wiki ile, lakini nitasema pia alichokifanya, kwa sababu alikifanya. Aliyaacha maneno yake ya toleo na mazingira, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Kistari, fonction iliihesabu sifuri. Nilijua. Mathilde aliiandika, minye nilifuta. Balimu habana kosa, na mutoto haiko na kosa."

"Ulipashwa kusema vile tangu mwanzo," akasema Madame Christiane, na tayari alikuwa ameshachomoa kalamu. Walihesabu kwa mkono, yeye na mwalimu wa hesabu, kila mmoja peke yake. Wote walipata sitini na mbili.

Préfet hakuishia hapo, namshukuru. Aliagiza kila titulaire atafute vistari katika darasa lake. Vilikuwepo. Kijana mmoja wa mwaka wa tano, aliyemzika baba yake Kolwezi, alikuwa ameshachukua karatasi zake na kuondoka, na ilibidi mwalimu aende kumtafuta kwao. Nilimwangalia Ghislain wakati majina yanasomwa. Alikuwa anaandika kila moja, hakuna aliyemwomba.

Kisha préfet Évariste alitoka nje, akasimama kwenye zile ngazi, uwanja mtupu, mfagiaji mmoja tu yuko mbali, na akasoma kwa sauti ileile ya siku ya proclamation: Kabamba Plamedie, sitini na mbili kwa mia. Mtoto akatembea mpaka mbele. Nikafungua kopo la Albertine na kulimwaga lote. Nililia, sikujificha. Madame Christiane aliniambia naharibu poda.

Kutoka hapo tulikwenda Panda, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Clovis alitupisha kiti bila kuambiwa. Ghislain alikuwa amerekebisha fonction. Lilikuwa jambo dogo, halikufika hata nusu ya asubuhi, ile "baadaye" yake yote. Akaniambia sasa naweza kurudisha sentensi zangu.

"Hapana," nikasema. "Andika weye."

Akaketi, akaandika: Inahesabu asilimia ya mwanafunzi. Data zinazokosekana hazihesabiwi. Akaniangalia kama amemaliza.

Plamedie alikuwa amesimama nyuma yake, mweupe kichwa kizima, anasoma. "Data zinazokosekana njo nani?" akauliza. "Njo minye?"

"Ni namna ya kusema," Ghislain akasema.

"Minye sikukosekana. Nilikuwa ku kilio."

Ghislain akaondoa mikono kwenye kibodi. Mimi nikamwambia mtoto aketi, aandike anavyoelewa yeye, na mimi nitasoma kama mtu wa nje asiyejua kitu. Aliandika kwa vidole viwili, poda inadondoka katikati ya herufi, na Ghislain anaangalia kibodi chake kinavyochafuka na hathubutu kusema. Mara mbili nilimwambia hapa sijaelewa, akarudia. Mwisho akaniuliza kwa nini fonction nyingine zote zina mahali palipoandikwa Mfano, na hii haina. Nikamwambia ni kweli, inatakiwa. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza.

Maelezo ya fonction ile leo ndivyo yalivyo, katika kila shule inayotumia programu yetu, nenda ukayafungue:

Inahesabu asilimia ya mwanafunzi. Kistari si sifuri. Kistari maana yake mtoto alikuwa kwenye kilio. Mtihani wenye kistari hauhesabiwi kabisa: usimpunguzie pointi, wala usimdai pointi. Mfano: Plamedie hakufanya mitihani ya mwisho, kwa sababu tulikuwa tunamzika mama yake, Albertine. Inarudisha 62.

Ghislain akavuta kiti, akasoma kutoka juu mpaka chini, midomo inamcheza. Alipofika kwenye mfano alirudi nyuma akausoma tena. Kidole chake kilikuwa karibu na kitufe cha kufuta, ndipo kinapopenda kukaa, namjua. Nilimwangalia. Safari hii hakufuta hata neno.